Kusafisha michoro ya penseli, na jinsi nilivyomvunja twiga wa mjomba

Haya, nimerudi. Walioniuliza kama nimeacha kuandika, sijaacha. Ni kwamba tangu Agosti Jumamosi zangu zote zimekwenda Wamunyu, na jioni za katikati ya wiki nimekuwa mbele ya skana hapa Machakos mjini nikisubiri taa yake itambae kutoka upande mmoja wa daftari hadi mwingine. Leo naeleza kazi yenyewe. Ukitaka amri za kunakili tu, ziko huko katikati, lakini tafadhali soma mpaka kwa twiga kabla hujazitumia kwenye michoro ya mtu mwingine.

Kwa wasiojua Wamunyu: unapanda matatu ya kuelekea Kitui, unapita Masii, na muda si mrefu umefika. Huko ndiko uchongaji wa Wakamba unaoujua, wale twiga na vifaru na vijiko vya saladi unavyoviona kwenye maduka ya watalii, ulikoanzia. Mzee Mutisya Munge alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga huko, akarudi na ufundi nyumbani. Kutoka kwake ukaenea boma kwa boma, kisha ukafuata reli na barabara mpaka Nairobi na Mombasa.

Mjomba wangu ni wa mnyororo huohuo. Alichonga miaka mingi Changamwe, kwenye ushirika wa Akamba Handicraft, kisha akarudi kuchongea nyumbani chini ya mwembe. Tofauti yake na wachongaji wengi ninaowajua ni kwamba yeye huchora kwanza. Wenzake huligeuzageuza gogo, hulipiga kofi mara mbili, kisha tezo inaanza kazi. Yeye alikuwa na madaftari ya shule, yale ya mistari ya samawati na mstari mwekundu pembeni, na penseli aliyoichonga kwa kisu. Madaftari matatu, kurasa 64 zenye michoro. Ndovu, vifaru, mzee anayevuta kiko, mama mwenye kiondo, na twiga wa kila mkao.

Sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tezo ameiweka. Madaftari nayo yanachakaa: penseli husuguka kila ukurasa unapofunguliwa, na kwenye daftari la kwanza kuna kurasa ambazo mchoro wa upande mmoja umejipiga chapa kwenye ukurasa unaoutazama. Binamu yangu, binti yake, ana kikundi cha vijana saba wanaojifunza kazi hapo nyumbani. Akanipigia simu: "Wewe si mtu wa kompyuta? Tutolee hizi picha ziwe safi, tuzichapishe kubwa, vijana wazibandike kwenye gogo wafuate." Nikasema hiyo ni kazi ya wikendi moja.

(Wanaoandika programu wanajua maana ya sentensi hiyo.)

Nianze na skana. Kosa la kwanza watu hufanya ni kuchagua ile hali ya "nyeusi na nyeupe" kwa sababu mchoro ni mweusi kwenye karatasi nyeupe. Usifanye hivyo. Mchoro wa penseli si mweusi, ni kijivu cha kila aina, na ukichagua hivyo umeiachia skana ikuamulie ni kijivu kipi kinakuwa mstari na kipi kinakuwa karatasi. Kosa la pili ni kuhifadhi kwa JPEG, ambayo huweka uchafu mdogomdogo kandokando ya kila mstari. Hifadhi PNG au TIFF. Mimi nilitumia nukta 600 kwa inchi. Ukurasa wa daftari dogo la A5 unakuwa pikseli 3496 kwa 4961, yaani milioni 17 na kidogo, kama megabaiti 52 za rangi kabla ya kubanwa. Laptopu yangu ililalamika lakini ilivumilia. Stima ndiyo haikuvumilia. Mara mbili ilipotea skana ikiwa katikati ya ukurasa.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaopiga skani. Ukiweka nyeupe, mwanga hupenya karatasi na kurudi na mchoro wa upande wa pili. Nyeusi huumeza. Mimi nilitumia jalada la faili la zamani.

Halafu piga skani kwa rangi, hata kama mchoro hauna rangi. Kwa nini? Kwa sababu ya ile mistari ya daftari. Mstari wa samawati ni samawati kwa sababu unarudisha mwanga wa samawati kwa wingi, kwa hiyo ukiangalia mkondo wa samawati peke yake karibu unatoweka. Ule mwekundu wa pembeni hutoweka kwenye mkondo mwekundu. Penseli haina rangi, inabaki nyeusi kwenye mikondo yote mitatu. Basi kwa kila pikseli unachukua ile thamani kubwa kuliko zote tatu, na mistari ya daftari yote inaondoka kwa pamoja huku penseli ikibaki. Mara ya kwanza nilipoona hilo likitokea kwenye kioo nilimwita mke wangu aje aone. Akasema ni vizuri, chakula kiko mezani.

Baada ya hapo kuna vivuli. Daftari halilali sawa, upande wa mshono huwa mweusi zaidi. Dawa yake ni ya kizamani: tengeneza nakala ya picha, iifiche kwa ukungu mzito mpaka mistari ipotee na ibaki hali ya mwanga tu, halafu gawanya picha ya kwanza kwa hiyo ya ukungu. Mahali palipo karatasi tupu, namba mbili zinakaribiana, kwa hiyo jibu ni karibu moja, yaani nyeupe, hata kama karatasi yenyewe ilikuwa kwenye kivuli. Kwenye GIMP utafanya kwa matabaka mawili na hali ya kugawanya. Kwa kurasa 64 mimi napenda ImageMagick:

convert ukurasa.png -separate -evaluate-sequence max kijivu.png
convert kijivu.png \( +clone -blur 0x60 \) -compose Divide_Src -composite sawa.png
convert sawa.png -threshold 78% nyeusi.pbm
potrace -s -t 12 -o ukurasa.svg nyeusi.pbm

(Ukiwa na ImageMagick 7, andika magick badala ya convert.)

Mstari wa tatu ndio kizingiti: chochote kilicho cheusi kuliko hapo kinakuwa wino, kilichobaki kinakuwa karatasi. Wa nne ni potrace, programu ya Peter Selinger iliyotoka mwaka 2001 na ambayo Inkscape nayo huitumia ndani kwa ndani. Inachukua madoa meusi na kuyazungushia mikunjo laini, unapata SVG unayoweza kuikuza mpaka ukubwa wa ukuta bila kuona meno. Ile -t 12 inaiambia itupe vidoa vidogo. Kumbuka tu kwamba potrace hufuata kingo za mstari, si katikati yake: mstari mmoja wa penseli unakuwa umbo jembamba lenye pande mbili. Kwa kuchapisha haina neno. Kwa mashine ya kukata ingepita mara mbili. Ukihitaji katikati, Inkscape tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020 ina njia ya kufuata katikati ya mstari.

Nilipata kurasa nzuri sana. Niseme ukweli, nilijivuna. Mistari meusi tii, karatasi nyeupe pe, kama vile vibonzo vya Juha Kalulu vya Edward Gitau nilivyokuwa nikivikata kwenye Taifa Leo nikiwa mtoto. Nikachapisha kumi za kwanza kwa ukubwa wa A3 hapa mjini, nikazikunja kwenye bomba la plastiki, nikapanda matatu. Vijana walifurahi. Mjomba alizishika, akazisogeza karibu na uso, akazisogeza mbali, akasema, "Zimeng'aa." Mimi nikalichukua kama sifa.

Wiki mbili baadaye binamu akapiga simu. Twiga amevunjika.

Huyu twiga alikuwa ukurasa wa saba: twiga anayekunywa maji, miguu ya mbele imepanuliwa, shingo imeshuka. Ni mkao mgumu. Twiga aliyesimama wima ni rahisi kwa sababu nyuzi za mti zinapanda na miguu. Lakini miguu iliyopanuliwa hukata nyuzi kimshazari, na mguu mwembamba uliokata nyuzi hauna nguvu yoyote. Gogo lilikuwa muhugu. Siku hizi vijana huchonga zaidi mwarobaini na jakaranda kwa sababu muhugu umekuwa adimu, na hilo gogo moja walilichangia watu wanne kwa ajili ya oda. Kijana aliyelichonga ana miezi sita kazini. Alifuata karatasi yangu kama ilivyo. Akatoa mbao yote kati ya miguu, kwa kuwa karatasi ilionyesha hewa kati ya miguu, na alipokuwa akishusha shingo kwa tezo, mguu wa kushoto ukakatika juu ya goti.

Jumamosi hiyo nilikwenda. Kijana alikuwa amekaa kando hasemi na mtu. Mjomba aliomba daftari, si karatasi yangu, daftari. Akanipa mimi nimsomee, maana yeye haoni. "Kati ya miguu kuna nini hapo, mpwa?"

Nikaangalia. Kulikuwa na mistari miwili hafifu, imevutwa kama mtu asiyetaka kukandamiza karatasi, inakwenda kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Pembeni kulikuwa na vistari vitatu vifupi vya kulala upande.

"Hapo ni daraja," akasema. "Hiyo mbao huachwa mpaka mwisho. Inatoka siku ya msasa. Na hivyo vidogo ni nyuzi, vinaonyesha gogo lilale vipi." Halafu akauliza, bila ukali wowote, "Hiyo mashine yako haikuiona?"

Mashine iliiona. Nilirudi nyumbani nikafungua ile picha ya kwanza kabisa, kabla ya kizingiti, na mistari ilikuwepo. Mstari mzito wa mjomba unashuka mpaka kama asilimia 40 ya weupe wa karatasi. Daraja liko kwenye asilimia 88. Mimi nilikata kwa 78. Hakuna hitilafu ya programu hapo. Niliangalia ukurasa, nikaona kijivu cha mbali, nikasema ni uchafu. Nilirudi kwenye zile kumi nilizochapisha: nane zilikuwa na mistari hafifu niliyoifuta. Kwa mzee wa kiko kulikuwa na mstari unaoonyesha kichwa kisizidi upana wa gogo. Kwa ndovu, mviringo mzima wa tumbo kabla halijapunguzwa.

Gharama ya muhugu niliilipa kwa M-Pesa usiku uleule. Kijana alikataa kwanza, binamu akamwambia apokee. Hilo ndilo lilikuwa rahisi.

Swali la kiufundi sasa. Kwa nini usipandishe kizingiti tu mpaka 92? Nilijaribu. Daraja linarudi, na linarudi pamoja na nyuzi za karatasi, alama za vidole, kivuli cha mchoro wa ukurasa wa pili, na doa la chai. Kizingiti cha kujichagua chenyewe kwa njia ya Otsu, ambayo Nobuyuki Otsu aliichapisha mwaka 1979, nacho hakisaidii, maana kinadhani picha ina makundi mawili, cheusi na cheupe, na kinatafuta mahali pa kuyatenganisha. Ukurasa wa mjomba una makundi matatu. Lile la katikati ndilo la muhimu na ndilo dogo kuliko yote.

Nilichofanya ni kutumia vizingiti viwili. Wazo la viwili si geni. John Canny alilitumia mwaka 1986 kwenye njia yake ya kutafuta kingo: kimoja kikali kinachopata mistari ya hakika, kingine kilegevu kinachookoa sehemu dhaifu ikiwa zimeungana na zile za hakika. Kwake kilicho hafifu na kimejitenga kinatupwa, na kilicho hafifu na kimeungana kinahesabiwa kuwa sehemu ya mstari mzito. Mimi sikutaka lolote kati ya hayo. Nilitaka hafifu ikae peke yake. Kwa hiyo kwa Python na OpenCV napata picha ya kizingiti kikali, naineneshea mistari yake kwa pikseli chache ili imeze kingo zake zenyewe, halafu naitoa kwenye picha ya kizingiti kilegevu. Kinachobaki ni alama za mjomba zikiwa zimechanganyika na uchafu. Hapo nauliza urefu, siulizi weusi. Doa ni jeusi lakini fupi. Mstari wa mkono, hata ukiwa hafifu namna gani, una safari. Kipande kilicho chini ya pikseli 60, yaani milimita mbili na nusu, kinatupwa. Kilichobaki kinapita potrace peke yake na kuwekwa kwenye tabaka la pili la SVG, rangi nyekundu. Mstari mzito unabaki mweusi kwenye tabaka la kwanza.

Mtu ataniuliza kuhusu akili bandia. Tangu mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, walipoonyesha mtandao wa neva uliofunzwa kusafisha michoro ya penseli, njia hizo zimekuwa nzuri ajabu, na zipo za bure. Nilijaribu moja. Ilinipa twiga mzuri kuliko wa mjomba, miguu imenyooka, kwato zote nne zimekamilika. Daraja iliifuta kabisa, na palipokuwa na vistari vya nyuzi ikachora majani. Kwa katuni ningeitumia kesho.

Hata hivyo tabaka jekundu lilileta shida nyingine, na hii haina programu. Si kila mstari hafifu ni agizo. Mingine ni makosa aliyoyafuta kwa raba na hayakutoka vizuri. Mingine ni mazoezi ya mkono. Mingine ni twiga wa ukurasa wa sita aliyejipiga chapa kwenye wa saba kinyumenyume (huyo angalau namjua: nageuza ukurasa wa sita kama kwenye kioo, nalinganisha, natoa kinachofanana). Kompyuta haiwezi kutofautisha daraja na kosa lililofutwa nusu. Mimi pia siwezi. Anayeweza ni mtu mmoja, na haoni.

Nilikuwa nimekata tamaa kidogo mpaka binamu akaniambia kwamba mzee husumbuliwa na mwanga kuliko giza. Mchana huona vibaya kuliko jioni, na karatasi nyeupe humwangaza machoni kama jua kwenye bati. Basi Jumamosi iliyofuata nikabeba laptopu na kioo cha inchi 24 nilichoazima, nikageuza rangi: karatasi nyeusi, mistari myeupe, yale mekundu nikayafanya manjano. Nikamwekea twiga yule, kichwa tu, kikijaza kioo kizima. Tulifunga dirisha.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akanyoosha kidole karibu aguse kioo. "Hii ni shavu. Nilikosea hapa, nikarudia. Toa hii." Nikatoa. "Hii usiguse." Nikaacha. "Sogeza chini." Tulipofika miguuni akacheka, akamwita yule kijana kwa jina, akamwambia aje akae karibu aangalie daraja.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Mimi napandisha na kushusha, mjomba anataja, kijana anaandika kwenye daftari jipya sababu ya kila mstari, kwa kuwa rangi nyekundu haisemi mstari ni wa nini. Ukurasa mmoja unachukua saa nzima, mingine zaidi, hasa akikumbuka gogo lenyewe na nani alilinunua Changamwe. Mara nyingine anabishana na mchoro wake: "Huyu faru nilimchora vibaya, pembe hii ingevunjika. Weka nyuma kidogo." Nikamuuliza kama niweke mstari mpya au niache wa zamani. Akasema niweke yote miwili, wa zamani uwe mwekundu.

Tumemaliza kurasa 23. Hospitali imempa tarehe ya kutibiwa jicho la kulia, mwezi ujao, na binamu anasema nisubiri mpaka apone ndipo tuendelee kwa urahisi. Mjomba hataki kusubiri. Jumamosi hii ni ukurasa wa 24, ndovu na mtoto wake, na una mistari hafifu mingi kuliko yote niliyoiona. Nimehesabu vipande 140 vilivyopita urefu. Twiga wa pili ameshaanza, wa mwarobaini safari hii. Mwishoni mwa wiki iliyopita daraja lilikuwa bado lipo.